Taka za shambani, ziwani na msituni: nianzie wapi kuzipima?

Nyar Kisumo, karani wa takwimu

Habari zenu wote. Kazi yangu ni kukusanya takwimu za mazingira za kaunti ya Kisumu, na sasa hivi niko kwenye jedwali la taka. Taka za majumbani nimepata pa kuanzia, viwanda vina daftari zao, hospitali vilevile. Mstari unaonikosesha usingizi ni ule wa kwanza kabisa: "Kilimo, misitu na uvuvi". Kwenye ripoti zilizotangulia hapo pamewekwa kistari. Hakuna tani, hakuna hata maelezo ya kwa nini hakuna tani.

Mgawanyo huo si wetu peke yetu. Unafuata ISIC, mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za uchumi, ambamo kundi A ni kilimo, misitu na uvuvi. Dodoso la takwimu za mazingira ambalo Umoja wa Mataifa huzipelekea nchi lina mstari huohuo. Kwa hiyo swali litarudi kila mara, nami sitaki kuandika kistari tena. Kaunti hii inaishi kwa ziwa, miwa na mpunga. Mtu akifungua ripoti yetu akute kwamba shughuli hizo tatu hazitoi taka yoyote, atatuonaje?

Nimekuwa nikizunguka kujionea. Ahero mabua ya mpunga yanachomwa kando ya mfereji, moshi umetanda hadi barabarani. Chemelil wakata miwa wameacha majani makavu yanayofika magotini. Ufuoni Dunga kina mama wanaparua samaki na makorongo wamesimama nyuma yao wakingoja matumbo. Kila ninapouliza "hii ni taka?" najibiwa tofauti. Mmoja anasema ni mbolea, mwingine ni kuni, mwingine ni chakula cha kuku, mwingine ananitazama tu.

Ofisini nimepewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza: nichukue kiwango cha Ulaya cha taka kwa hekta, nizidishe kwa hekta zetu, yaishe. Wa pili: nihesabu ng'ombe. Huu wa pili nimeujaribu kwenye karatasi. Ng'ombe wa maziwa hutoa mavi na mkojo kama asilimia 8 ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 400 basi anatoa kama kilo 32, na kwa mwaka ni zaidi ya tani 11. Ng'ombe mmoja! Nikizidisha kwa ng'ombe wote wa kaunti napata mlima unaofunika taka zote za mji, na chochote kingine nitakachopima hakitaonekana kabisa.

Je, mlima huo ndio ukweli wenyewe? Mavi ni taka? Na kichwa cha mbuta (sangara), makapi ya miwa, wavu uliochakaa? Nani amewahi kupima vitu hivi kwa mizani, hapa kwetu, anielekeze?

Mzee wa Kano

Nyar Kisumo, umefanya vyema kukikataa kistari. Nimekuwa afisa wa ugani uwanda wa Kano karibu maisha yangu yote ya kazi, na kistari hicho kimeniudhi kuliko takwimu mbovu. Takwimu mbovu mtu anaweza kuibishia.

Kwanza achana na ng'ombe. Mavi yanayorudi shambani si taka. Sheria yetu ya mazingira, EMCA ya 1999, inaita taka kitu kinachomwagwa au kuachwa katika mazingira kwa kiasi au kwa namna inayoweza kuyabadilisha. Mama wa Nyakach anayezoa mavi alfajiri na kuyapeleka kwenye shimo la mboji hajatupa kitu, ameweka akiba. Lakini chukua zizi la ng'ombe wa kufungiwa lililoko mteremkoni, lenye sakafu ya saruji, mpira wa maji ukisukuma kila kitu mtaroni na mtaro ukaishia mto Nyando. Hayo ni mavi yaleyale, na hapo yamekuwa taka. Kwa hiyo swali lako kwa mfugaji lisiwe "una ng'ombe wangapi?" Muulize: "mavi yanakwenda wapi, na mvua ikinyesha yanakwenda wapi?" Ni hili jibu la pili utakalolipima.

Hata huko Ulaya ndivyo wanavyofanya. Kanuni yao nambari 2150 ya mwaka 2002 inazitaka nchi wanachama kutoa takwimu za taka kila baada ya miaka miwili, kuanzia za mwaka 2004, kilimo na uvuvi vikiwemo. Kisha sheria yao ya taka ya 2008 ikatoa nje mavi, majani makavu na mabaki mengine ya kilimo na misitu yasiyo na hatari, ikiwa yanatumika shambani, msituni au kuzalisha nishati. Sasa ona ushauri uliopewa ulivyo. Kiwango chao kwa hekta hakina yale mavi, ila kimebeba plastiki ya kufungia malisho yaliyosindikwa, oili chafu ya matrekta, na mitungi ya dawa ya lita ishirini. Mkulima wa Ombeyi mwenye ekari mbili hana hata kimoja kati ya hivyo. Na alivyo navyo yeye havimo. Ukizidisha utapata namba safi isiyomhusu mtu yeyote wa hapa.

Jambo la pili ni mpaka, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Makapi ya miwa yatakuvuta mkono kwa sababu ni mengi. Tani 100 za miwa hutoa takriban tani 30 za makapi, nusu yake maji. Lakini kiwanda cha sukari kiko kundi C, la viwanda, si A. Umesema viwanda vina daftari zao, basi makapi yameshaandikwa huko. Ukiyaandika tena kwenye kilimo umeyahesabu mara mbili. Pumba za mpunga nazo ni karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa mpunga, na huzaliwa kwenye mashine ya kukobolea, kwa hiyo ni kundi C pia. Yale mabua uliyoyaona yakiungua kando ya mfereji, hayo ni ya mkulima. Magunzi ya mahindi aliyoyapukuchua nyumbani ni yake vilevile, lakini nenda jikoni ujionee: magunzi hayatupwi Kano, yanapikia.

Majani makavu ya miwa ni mzigo wako halali, na yanapimika vizuri kuliko unavyodhani. Usitumie ekari zilizopandwa. Muwa huku hukaa shambani zaidi ya mwaka, mara nyingi mwaka na nusu, kwa hiyo ekari ulizoziona zimepandwa hazikukatwa zote mwaka huu. Tumia tani zilizopita kwenye mizani ya lori kiwandani. Hakuna zao la kaunti hii lenye uzito unaojulikana vizuri kama muwa. Kisha nenda shambani baada ya wakataji kuondoka na kabla moto haujawashwa. Pima kipande cha mita kumi kwa kumi, kusanya majani yote yaliyomo, yafunge kwenye turubai, ning'iniza kwenye mizani. Chukua kiganja chake ukifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukakaushe na kukipima tena. Rudia kwenye mashamba kadhaa, kiangazi na wakati wa mvua. Hapo utakuwa na kilo za majani kwa kila tani ya muwa, kiwango kilichozaliwa hapa Muhoroni na Chemelil, wala hutahitaji kumkopa mtu. Halafu utenganishe: yaliyopangwa kwenye mistari yaozee humo si taka, yaliyochomwa yaandikwe kuwa yamechomwa.

Usisahau ile hatua ya kukausha. Mavi mabichi ya ng'ombe zaidi ya robo tatu ni maji. Mtu akikuletea tani bila kusema ni mbichi au kavu, hajakuletea kitu.

Sasa nije kwenye lililo moyoni mwangu. Siku nyanya zinapoanza kuchanua, tembea kando ya mfereji wowote pale Ahero. Utaona chupa ndogo ya dawa ya kunyunyizia, ya mililita 50. Karatasi yake ya maelezo imebanduka nusu. Kifuniko hakipo, kwa sababu mkulima amekigeuza kipimo chake cha dawa. Mle ndani, pale chupa inapoanza kuwa nyembamba kuelekea mdomoni, kuna utando wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano ambao haukumiminika. Chupa hiyo uzito wake ni gramu tu. Kwenye jedwali lako la tani, chupa zote za kaunti zitamezwa na mavi ya ng'ombe wachache. Na ndiyo chupa mtoto anayoiokota akachotee maji, au mtu akaisuuza mara moja akatilia mafuta ya taa. Nimewasihi watu juu ya chupa hizi miaka na miaka. Nisingependa ziingie kwenye ripoti zikiwa zimejificha ndani ya tani za mabua.

Hizi usizipime kwa kuziokota. Zipime zinapoingia. Nenda kwenye maduka ya dawa za mimea, Ahero, Awasi, Katito, Kombewa, uulize wanauza katoni ngapi za kila ukubwa kwa msimu. Kisha pata chupa tupu ya kila ukubwa, iliyosuuzwa, uipime kwenye mizani ndogo pamoja na kifuniko chake. Ukubwa ni lazima. Tuseme lita moja ya dawa: akiinunua mkulima mkubwa ni chupa 1. Wakiinunua wakulima wadogo kwa mililita 50 ni chupa 20 na vifuniko 20, dawa ikiwa ileile. Kwa hiyo anayekupa lita peke yake amekuficha plastiki, hata kama hakukusudia. Baada ya hapo waulize wakulima chupa iliishia wapi: mferejini, chooni, motoni, au ilisuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakamwagwa kwenye bomba la kunyunyizia, kisha ikatobolewa. Iliyosuuzwa hivyo na isiyosuuzwa zisikae safu moja. Isiyosuuzwa ni taka yenye sumu.

Nailoni ya vivungulio, zile nyumba za kukuzia mimea, hesabu yake ni ya aina hiyohiyo, ila ina miaka katikati. Hudumu takriban miaka mitatu juani, kwa hiyo taka ya mwaka huu ni ile iliyonunuliwa miaka mitatu nyuma. Kwetu ni kidogo. Wenzako wa Nakuru, walio na mashamba ya maua ya Naivasha, ndio wenye kazi kubwa hapo.

Mama Samaki, Dunga

Dada yangu, mimi nikuombe jambo moja kabla hujaandika chochote. Kichwa cha mbuta usikiite taka. Wala mgongo.

Wewe ni mtu wa Kisumu, unajua mgongo wazi. Viwanda vikishatoa minofu, ile mifupa iliyobaki na nyama kidogo inanunuliwa na kina mama, inakaangwa Obunga, watu wanakula na ugali, watoto wanasomeshwa kwa pesa hiyo. Mbuta ukimtoa minofu, kinachobaki ni zaidi ya nusu ya samaki. Ukiandika nusu ya samaki ni taka, siku moja atakuja mtu wa afya na karatasi yako mkononi aseme tunauzia watu taka. Jedwali lako lina nguvu kuliko unavyolidhania.

Kile kibofu cha hewa ndicho usiseme kabisa, kinauzwa kwa bei kuliko nyama yenyewe. Omena (dagaa) iliyonyeshewa kabla haijakauka haimwagwi, inateremka bei na kuwa chakula cha kuku. Hiyo ni hasara yangu, nimeilia mara nyingi, lakini si taka. Hasara ni pesa iliyopotea mkononi mwangu, taka ni kile kilichobaki chini nikishaondoka. Tafadhali usivichanganye.

Kinachobaki chini ni magamba, matumbo na maji ya damu. Ukitaka kuvipima njoo asubuhi, weka ndoo kwa kila meza, waambie kina mama watie humo badala ya kutupa nyuma. Makorongo na mbwa wakifika kabla yako hutapata kitu cha kupima. Halafu uliza wakubwa wako: sisi tunaoparua ufuoni ni wavuvi au ni wafanyabiashara? Kwa sababu wanaume waliotoka ziwani wameshauza, wamekwenda kulala.

Taka ya wavuvi wenyewe ni nyingine kabisa na hakuna anayeiuliza. Ni nyavu. Wavu ukichakaa kwanza unakuwa ua wa sukuma wiki, au wa kuzuia kuku. Baadaye kabisa ndipo unakuwa taka. Lakini vile vipande vinavyokatwa wakati wa kushona vinaanguka palepale, na vingine majini, na wavu uliopotelea ziwani unaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Usipime wavu mzee, umejaa matope na majani ya gugumaji. Pima mpya dukani, uulize wanabadilisha baada ya muda gani, uulize na ngapi zilipotea bila kurudi. Nyavu za plastiki za uzi mmoja zimepigwa marufuku, hakuna atakayekukubalia kwamba anazo. Ila maafisa wa uvuvi wakizikamata wanaziandika kabla ya kuzichoma. Omba hayo maandishi.

Na betri, jamani. Wavuvi wa omena siku hizi wanawasha taa za betri usiku. Betri ikifa, ile ya maji ya asidi, inapasuliwa mtu atoe madini ya risasi yaliyo ndani auze. Asidi inamwagwa palepale ufuoni. Viongozi wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, wanajua kila mtumbwi wa omena kwenye ufuo wao na taa zake. Waulize wao, watakuhesabia.

Fundi wa Mbao, Elburgon

Naongezea kuhusu misitu, ingawa sisi tuko upande wa Nakuru.

Mzee amesema kuhusu mpaka na huku ni vivyo hivyo. Unga wa mbao na mabanzi ni taka za kiwanda cha mbao, kundi C. Na mabanzi si taka sana, nusu ya nyumba za mitaa yetu zimejengwa kwa mabanzi. Unga ndio shida. Wafuga kuku wanachukua kiasi, unaobaki unalundikwa, unashika moto kwa ndani na kutoa moshi wiki nzima. Kuupima, tafuta ujazo wa magogo yaliyoingia, toa ujazo wa mbao zilizotoka. Tofauti ni mabanzi, magome na unga pamoja. Ukitaka unga peke yake itabidi utazame upana wa meno ya msumeno, maana kila mpasuo unakula unene huo.

Cha msituni chenyewe ni matawi, vilele na visiki vya paini na saiprasi. Matawi wanaokota kina mama kuni. Vilele vinaoza au vinachomwa kabla ya kupanda upya. Makaa yanayochomwa kwa tanuri la udongo mlemle msituni, ISIC inayaweka kundi A, usiyaruke. Na ukichukua takwimu za miaka ya nyuma kumbuka kwamba ukataji ulisimamishwa Februari 2018, na zuio hilo lilikaa miaka. Usichukue mwaka wa zuio ukaufanya mwaka wa mfano.

Kaunti yako haina msitu mkubwa wa kupasua mbao. Mna mikaratusi na migrivea mashambani. Lakini mna vitalu vya miche, vingi sana, na humo kuna taka ambayo sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote: kile kifuko cheusi cha nailoni. Kila mche una kifuko chake. Ukifika kwenye shimo unakichana, unapanda mche, kifuko kinabaki pembeni ya shimo na upepo unakibeba. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Vitalu vya miche ya misitu ni kundi A, na idadi ya miche iliyogawiwa inaandikwa kila mahali kwa sababu kila kiongozi anataka kuitangaza. Pima vifuko mia moja kwa pamoja, kimoja hakitasogeza mshale, ugawanye, uzidishe kwa idadi ya miche. Ni kazi ya mchana mmoja.

Nyar Kisumo, karani wa takwimu

Asanteni sana. Mama, maneno yako nimeyasoma kwa sauti ofisini. Nimekubaliana na msimamizi wangu kwamba kichwa na mgongo wa mbuta havitaingia. Wanaoparua ufuoni tutawaweka kwenye biashara ya samaki, kwa maelezo, ili matumbo yasipotee kwenye jedwali zima.

Vifuko vya miche sikuvifikiria hata kidogo. Orodha ya idadi ya miche ya wadi zote iko meza ya pili kutoka yangu.

Yamebaki maswali mawili. Vizimba vya samaki ziwani: maji mabovu yakipanda kutoka chini samaki wanakufa wengi kwa siku moja, halafu miezi inapita salama. Hao nawaandikaje? Na la pili, msimu wa mvua haujafika, majani ya miwa nimepima kiangazi tu, ripoti inatakiwa. Mstari niuache wazi?

Mama Samaki, Dunga

Samaki wa vizimba wana vifo vya aina mbili. Kila asubuhi mlinzi anatoa waliokufa usiku, wachache, na mwenye kizimba makini anaandika kwa sababu anajua chakula alichowapa. Hao ni wa kawaida. Wale wa siku moja waandike mbali, na tarehe yao na ufuo wao, usiwagawanye kwa miezi kumi na miwili wakapotea. Uliza pia walizikwa wapi. Wakizikwa karibu na maji wanarudi ziwani, na wavuvi wa vijijini ndio wanaonusa. Na magunia ya chakula cha samaki uyahesabu kama Mzee alivyosema kuhusu chupa, yanapoingia.

Mzee wa Kano

Usiuache wazi. Andika ulichopima, na pembeni andika kimepimwa vipi: kwa mizani, kwa mauzo ya dukani, au kwa kukadiria. Herufi moja inatosha kwa kila namba. Mstari mmoja wa kundi A ugawe mara tatu kwa ndani hata kama wa Nairobi watataka jumla peke yake: mabaki ya mimea na wanyama yaliyotupwa au kuchomwa, plastiki na nyavu, na vyenye sumu, yaani chupa zisizosuuzwa, betri, oili ya injini za mitumbwi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inataka taka zinazooza na zisizooza zitenganishwe tangu zinapotoka, kwa hiyo hakuna atakayekulaumu kwa kugawa. Kiasi kilichorudi shambani au kilicholiwa kiandike chini ya jedwali, nje ya jumla. Mlima wako wa mavi utakaa hapo, ukionekana, bila kumkalia mtu kichwani.

Majani ya miwa yaandike kuwa ni ya kiangazi peke yake, useme wazi. Mwaka ujao utaongeza ya masika, na namba ikibadilika utaeleza ni kwa sababu ya mvua. Msomaji ana akili, ataelewa.

Ukipewa watu wachache na pesa kidogo, usiwatawanye kaunti nzima. Gawa kwa namna watu wanavyolima: mpunga Ahero na Kano Magharibi, miwa Chemelil na Muhoroni, mahindi na ng'ombe Seme na Nyakach, kisha fuo za ziwa. Kila mahali chagua kaya kwa kura, usimwachie chifu akupeleke kwa wakulima wake wazuri, maana hao ndio walio na mashimo ya mboji na waliohudhuria kila semina. Unayemhitaji ni yule aliyekodi robo ekari kando ya mfereji kwa msimu mmoja wa nyanya, atakayehama akishavuna. Chupa nyingi ni zake na hayumo kwenye orodha yoyote ya wakulima. Utampata kwa kumuuliza mwenye duka la dawa nani hununua mara kwa mara kidogo kidogo.

Na mizani uombe ya kuning'iniza, ya kilo mia moja, pamoja na miti mitatu ya kuifungia. Ile ya mezani itakufaa kwa chupa na vifuko tu. Ukifika Ahero niambie siku mbili kabla, nitawatafuta vijana wa mfereji wenyewe, wanaojua nani anachoma na nani anauza mabua kwa wafugaji.